Mwalimu Kontua na kijito kilichopanda mlima

Jumatatu ya wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe wa msomaji kijana. Yuko sekondari na jiografia inamchosha. Mwalimu wao huingia na daftari la zamani, anasoma, wao wanaandika, kengele inalia, anatoka. Mwishoni akauliza: "Kaka, nimeiona ile ramani yako. Nataka siku moja na mimi nitengeneze kitu kama kile. Nifanyeje nilipende hili somo?"

Ujumbe ule niliusoma mara nne, na sioni aibu kusema kwamba mara tatu kati ya hizo nilikuwa narudia maneno "ramani yako". Ni ramani ya bonde la mto mmoja mdogo ambao hata kwenye atlasi haumo. Ilichapishwa miezi miwili iliyopita kwenye karatasi kubwa, na kona ya chini upande wa kulia limeandikwa jina langu. Nimeifanyia kazi miaka saba, usiku na siku za mapumziko, wenzangu wakiwa wamelala. Nina haki ya kuifurahia.

Ila swali lenyewe lilinikuta siku mbaya. Jumamosi, siku mbili tu kabla, nilikuwa nimekwenda kumtembelea aliyenifundisha jiografia, na kilichotokea pale dirishani kwake kilikuwa bado kinanifukuta moyoni. Yule kijana nilimjibu kwa mistari miwili, nikamwomba asubiri. Jibu kamili ni hili. Nawaandikia na ninyi wengine, maana najua mnaosoma hapa mnataka kile kile ninachokitaka mimi: kuitazama nchi na kuielewa, na siku moja kuacha karatasi moja nzuri nyuma yenu.

Tulimwita Mwalimu Kontua, ingawa si mbele yake. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ndogo iliyowafanya wanafunzi wa nyuma wanyamaze ili wamsikie. Siku ya kwanza aliingia mikono mitupu. Sisi tulishafungua madaftari, kalamu tayari, tukisubiri "Jiografia ni nini?" tuandike maana yake na kuipigia mstari. Akaenda ubaoni akaandika maneno manne, kila moja upande wake: juu kaskazini, chini kusini, kulia mashariki, kushoto magharibi. Akarudi nyuma, akaegemea dirisha.

"Haya maneno yametoka wapi?"

Kimya. Mmoja wetu akajikaza: "Kwenye dira, Mwalimu."

"Dira haijui Kiswahili," akasema.

Akarudi ubaoni na kwa kiganja akafuta herufi mbili za mwisho za neno la juu. Likabaki kaskazi. Akafuta mbili za neno la chini. Likabaki kusi. Akajipangusa chaki, akatueleza kwamba hizo ni pepo mbili za msimu ambazo mabaharia wa pwani wamezitegemea kwa karne nyingi. Kaskazi huvuma tangu mwishoni mwa mwaka hadi kama mwezi wa tatu, na ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu baadaye ikayarudisha. Kaskazini ni kule inakotoka kaskazi, kusini ni kule inakotoka kusi. Mashariki na magharibi yana asili ya Kiarabu, jua linakochomoza na linakozama. Ndiyo maana jioni tunasema magharibi imeingia. "Kila mnapomwelekeza mgeni njia," akasema, "mnamtajia pepo mbili na safari ya jua."

Nilikuwa nimesema neno kaskazini maisha yangu yote bila kusikia upepo ndani yake.

Halafu akatupa sababu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kwa nini upepo ugeuke kila mwaka bila kusahau? Akachora bara la Asia kama ngoma kubwa. Katikati ya mwaka nchi kavu ile huchemka kuliko bahari, hewa yake hupanda, mgandamizo hushuka, na hewa ya baharini hukimbilia huko kuziba pengo. Inapovuka Ikweta mzunguko wa dunia unaipinda njia. Ukifika mwisho wa mwaka, Asia inapoa haraka kuliko bahari, hewa yake inakuwa baridi na nzito, inateremka kuelekea baharini, na upepo umegeuka. Dakika arobaini, maneno manne ubaoni. Hatukuandika hata sentensi moja. Nilitoka nje nikasimama uwanjani nikiangalia majani ya mti yanaelekea wapi.

Kijana, ushauri wangu wa kwanza umo humo: anza na ulichonacho mdomoni na mbele ya macho. Usisubiri mwalimu wako abadilike. Toka nje uangalie majani.

Jina la Kontua, yaani mstari wa ramani unaopita penye kimo kimoja, alilipata wiki chache baadaye. Alikuja na beseni, donge la udongo wa mfinyanzi, jagi la maji na msumari. Udongo akaufinyanga kilima katikati ya beseni, upande mmoja mkali kama ukuta, upande wa pili umelala. Kisha akakandamiza kidole gumba kutoka karibu na kilele hadi chini, kikawa kibonde. Akamimina maji kimo cha kidole kimoja, akamwita mwanafunzi wa mbele azungushe msumari pale maji yanapogusa udongo. Akamimina kimo kingine, akamwita wa pili. Hivyo hivyo, kidole kwa kidole, mpaka kilele kikawa kisiwa kidogo kama kifungo cha shati. Mimi nilikuwa wa tano. Nakumbuka ubaridi wa maji kwenye kifundo cha mkono, na jinsi msumari ulivyotaka kuteleza nilipofika kwenye kile kibonde, maana maji yalikuwa yameingia ndani yake na mimi ikanibidi niyafuate.

Akamwaga maji. Kilima kikabaki na mikwaruzo inayokizunguka, mmoja juu ya mwingine. "Pandeni kwenye kiti, mmoja mmoja. Fumbeni jicho moja, tazameni kutoka juu."

Nilipanda. Kilima hakikuwepo tena. Kulikuwa na ramani. Upande mkali mistari ilikuwa imebanana, upande uliolala imeachana, na pale kwenye kibonde kila mstari ulikuwa umejipinda kwenda ndani, ukatengeneza V, ncha yake ikielekea kileleni.

"Mstari wa kontua ukifika mtoni," akasema nikiwa bado juu ya kiti, "hupanda kidogo, kama vile unakwenda kumuuliza mto anatoka wapi. Ukijibiwa, unarudi zake upande wa pili. Ncha ya V huelekea chanzo, siku zote. Ukiiona inaelekea bondeni, basi ama huo ni mgongo wa kilima, ama aliyechora hakufika."

Aliyechora hakufika. Shikeni maneno hayo, tutayarudia.

Sina nafasi ya kusimulia vipindi vyote. Kimoja tu tena. Alitupa karatasi za kuona ng'ambo, akatuambia tuinakili Greenland kutoka kwenye ramani ya ukutani, kisha tuinakili Greenland ile ile kutoka kwenye tufe, halafu tufanye hivyo kwa Afrika. Kwenye ramani ya ukutani zilikaribiana kwa ukubwa. Kwenye tufe Greenland ilipotea ndani ya Afrika. Eneo la Afrika ni kama kilomita za mraba milioni 30, la Greenland ni kama milioni 2.2, inaingia mara kumi na nne hivi. Ramani ile ya ukutani ilikuwa ya mtindo wa Mercator, mchora ramani aliyeutengeneza mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili mstari mnyoofu kwenye karatasi uwe mwelekeo mmoja wa dira baharini, na gharama ya unyoofu huo ni kuvuta nchi zilizo karibu na ncha za dunia mpaka zivimbe. Sikuiamini tena ramani yoyote kwa kuwa tu imetundikwa ukutani. Na wewe usiiamini. Ichore mwenyewe uone.

Sasa nifike kwenye lile linalonikaa kooni.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha kabla ya kipindi chake. Ilipokatika, maji yalikuwa bado yanakimbia uwanjani, mekundu. Mwalimu akafungua mlango akasema, "Madaftari acheni. Vueni viatu." Tukatoka darasa zima. Akatuonyesha kijifereji kilichokuwa kimejichimba chenyewe kwenye mchanga dakika chache zilizopita, kikijipinda kama nyoka. Akaniagiza nidondoshe vijiti vitatu, kimoja katikati na viwili kandoni. Kwenye kona, kijiti cha upande wa nje kilikimbia, cha upande wa ndani kikasuasua mpaka kikakwama. Tukachuchumaa kutazama. Ukingo wa nje ulikuwa unamomonyoka punje kwa punje, na ukingo wa ndani mchanga ulikuwa unajilaza taratibu. "Mto mkubwa kuliko yote duniani," akasema, "unafanya hiki hiki, ila una subira zaidi." Mwisho wa kijifereji, maji yalipoingia kwenye dimbwi, kulikuwa na upepeo mdogo wa mchanga wenye mikono mitatu. Delta. Niliiona delta ikizaliwa, ina upana wa kiganja changu.

Mkuu wa shule alituona kutoka ofisini kwake. Tulirudi darasani na matope, kipindi kilichofuata kikachelewa, na jioni niliitwa. Mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa darasa, na daftari la vipindi lilikuwa mikononi mwangu: somo, mada, saa. Akaniuliza, "Leo jiografia mmefundishwa nini?" Nikaanza kueleza vijiti. Akanikata. "Ubaoni kiliandikwa nini?" Nikasema hakikuandikwa kitu. "Basi andika hivyo."

Nikaandika. Hakuna kilichofundishwa. Nikatia sahihi.

Nilikuwa na miaka kumi na tano na niliogopa kuvuliwa ukiranja. Muhula uliofuata Mwalimu Kontua aliondolewa kwenye madarasa ya mtihani, akapewa wadogo. Sisi tukaletewa mwingine, mwenye daftari la zamani, huyo huyo unayemlalamikia wewe kijana, maana watu wa aina hiyo wamejaa kila mahali. Tulifaulu. Nilipata alama nzuri sana kwa kukariri sifa saba za kitu fulani na hasara tano za kitu kingine, na leo siwezi kukutajia hata moja. Mwalimu wangu tukipishana njiani alinisalimu kama kawaida. Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumwambia.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu hayana ladha. Mtu mzima niliyemheshimu aliniambia jiografia ni somo la walioshindwa hesabu na haijengi nyumba. Nikamsikiliza. Nikasomea uhasibu, nikafanya kazi ya uhasibu, miaka ikaenda. Nilikuwa na meza, nilikuwa na mshahara, na kila mvua ikinyesha nilisogea dirishani kuangalia maji yanakwenda wapi. Nilirudi kwenye ramani nikiwa na miaka thelathini na moja, peke yangu, na kompyuta iliyotumika. Nasema hili kwa uchungu, bila kumlaumu mtu: kuna miaka kumi pale ambayo nilimpa mtu mwingine aamue.

Kwa hiyo usimpe mtu. Ukiambiwa ni somo la kukariri, mwambie mwaka 1854, kipindupindu kilipowaangamiza watu wa mtaa wa Soho, London, daktari John Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani, nyumba kwa nyumba, na vifo vikaonekana vimesongamana kuzunguka pampu moja ya maji, Broad Street. Wakati huo wataalamu wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Ramani ilisema maji. Hiyo ndiyo jiografia: kuuliza kitu kiko wapi, na kwa nini kiko hapo na si pengine.

Au mweleze habari za Marie Tharp. Huyu mama nampenda kupita kiasi, na ninapokata tamaa ndiye ninayemkumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Marekani anachora sakafu ya Bahari ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupanda meli za utafiti kwa kuwa ni mwanamke. Akakaa mezani na kalamu na wino, akaweka vipimo kwenye mchoro mmoja baada ya mwingine, na katikati ya ule mgongo wa milima iliyo chini ya bahari akaona mkato wenye umbo la V, ukijirudia mchoro kwa mchoro. Lilikuwa bonde la ufa chini ya Atlantiki. Maana yake sakafu ya bahari inapasuka na kuachana, na kwamba huenda Alfred Wegener, aliyesema tangu 1912 kwamba mabara yanasogea na akapingwa mpaka alipofariki mwaka 1930, alikuwa ameona mbali. Mwenzake Bruce Heezen alimpuuza, akayaita maneno ya kike. Tharp hakugombana naye. Akaendelea kuchora. Ofisi hiyo hiyo kulikuwa na mwingine anayeweka nukta za matetemeko ya bahari kwenye ramani yenye kipimo kile kile. Walipozilaza ramani mbili juu ya meza yenye taa, nukta zilipita moja kwa moja ndani ya bonde lake. Mwaka 1977 ramani ya Tharp na Heezen ya sakafu ya bahari zote za dunia ikatolewa.

Nilipomsoma Tharp kwa mara ya kwanza niliwaza beseni na msumari. V ya kuingia ndani. Ni lazima uichore ndipo uione. Nimekwishasema na nitasema tena: chora. Hata kama huna kipaji cha kuchora, chora. Chora njia ya kutoka kwako hadi shuleni kwa kuhesabu hatua. Chora maji ya mvua yanavyopita nyumbani kwenu, yanaanzia wapi, yanakwama wapi. Ukishachora, toka uende kuhakikisha, halafu rudi uchore upya. Wengi mtasoma hapa, mtasema "asante kaka", na kesho mtarudi kukariri. Najua kwa sababu mimi nilikariri. Mtu anayesoma ramani za wenzake tu maisha yake yote ni kama anayesimuliwa safari. Na ninyi walimu mnaosoma hapa, mabeseni mnayo na udongo mnao. Mvua hainyeshi kwa Mwalimu Kontua peke yake.

Nirudi kwenye Jumamosi ile.

Nilikwenda na ramani yangu imekunjwa ndani ya bomba la plastiki. Nimemkuta amezeeka, amekaa dirishani, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa vijiti vitatu." Nikashindwa kukaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani, yakanitoka yote. Nikamwambia tu: yale maandishi kwenye daftari la vipindi, ni mimi niliyeandika.

"Najua. Mwandiko wako niliusahihisha miaka miwili."

Nikaomba radhi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtoto. Aliyekuamrisha alikuwa mtu mzima." Hakuongeza neno juu ya hilo. Akanyoosha mkono kuelekea lile bomba. "Haya, nipe nione."

Nikaitandaza kwenye meza ndogo, vikombe pembeni kuizuia isijikunje. Akavaa miwani, akachukua na lenzi. Kwanza akatafuta kipimo cha ramani, kisha mshale wa kaskazini, kisha tarehe, kama alivyotufundisha, na kila alichokikuta alitikisa kichwa kidogo. Mimi nimesimama nyuma yake, kifua kimejaa. Akaweka kidole kwenye mlango wa mto akaanza kupanda nao taratibu, kontua baada ya kontua, akiingia kwenye kila tawi mpaka chanzo chake, akirudi. Tawi la kwanza. La pili. Kwenye la tatu, upande wa msitu, kidole kikasimama.

"Hapa umefika?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza, hapa umefika kwa miguu yako?"

Nikainama. Kontua tatu mfululizo, zikifika kwenye kile kijito, ncha zake zilikuwa zimeelekea chini. Kijito changu kilikuwa kinapita juu ya mgongo wa kilima. Ramani imechapishwa, imepita mikononi mwa watu wenye vyeo, wamenipongeza kwa maneno makubwa, na hakuna hata mmoja aliyeona. Yeye ameona kwa lenzi na kidole.

Nilijua mara moja kilichotokea, nikaanza kujitetea. Miinuko niliichukua kwenye vipimo vya rada. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu, na mpaka leo watu kama mimi, tusio na fedha wala ndege, tunatumia vipimo hivyo bure. Lakini palipo na msitu mnene rada ile haifiki chini vizuri. Inarudi na urefu unaokaribia wa vilele vya miti. Kijito chembamba chenye miti mirefu kandoni, na pembeni nyasi tupu, kwenye vipimo huinuka kama tuta. Matawi mengine yote niliyatembea, nikasahihisha. Hilo moja nililiacha. Lilikuwa la mwisho, mvua ilikuwa inakaribia, nikajiambia linafanana na mengine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Rada ilipita angani. Haina miguu," akasema. "Wewe unayo."

Akafungua droo, akatoa penseli, akazungushia kile kijito duara jembamba, na pembeni akaandika neno moja kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: rudi. Kisha akaniuliza kama nakunywa chai.

Nimekwenda juzi Jumamosi, na buti na kipimo cha mkononi. Ukiwa juu kwenye nyasi huoni kitu ila ukuta wa miti. Ukishuka ndani, bonde lina kina cha kama mita nane, miti ni mirefu zaidi ya mara mbili ya hapo, na chini kabisa maji yanapita kwenye mawe, masafi, kwa sauti ambayo kutoka juu huisikii. Nilisimama katikati yake maji yakinifika magotini, uso nimeuelekeza kwenye chanzo, nikachukua vipimo kumi na sita. Kontua tatu nimezichora upya jana usiku. Toleo la pili likitoka, nakala ya kwanza naipeleka pale dirishani, na yule kijana nimemwambia, kama wazazi wake wataridhia, twende wote, yeye ndiye ashike penseli.